Mwanamke wa Mwisho kwenye Kadi Namba 214

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nikanawe mikono. Nikanawa. Mhandisi akaikagua, akanirudisha bafuni nikanawe tena, safari hii bila kujipaka mafuta baadaye. "Mafuta ya ngozi yanaharibu karatasi," alisema. "Mikono misafi na mikavu, basi." Nilikuwa nakaribia miaka hamsini. Nilikuwa nimebeba magunia ya mahindi Kitale, nimechoma mikate Nakuru, nimeuza petroli Eldoret, nimelinda mageti ya Doha miaka minne, na hakuna bosi aliyewahi kunikagua vidole. Nikajua kazi hii haitafanana na zile nyingine. Ilidumu miaka tisa, na ndiyo pekee maishani mwangu ambayo sikuikimbia.

Ninyi vijana wa jumuiya yetu ya Ijumaa pale Mesaimeer, hapa Doha, mmeniomba niiandike kabla sijapanda ndege kurudi nyumbani. Wengi wenu ni wauguzi, mafundi wa kompyuta, walinzi na madereva, kazi ambazo mtu akizitaja haulizwi zaidi. Yangu kila nilipoitaja nilidhaniwa natania. Nilikuwa karani wa kadi za posta za zamani za mji mmoja mdogo wa wavuvi huko Uskoti. Mwenzangu wa chumbani, Wafula, mlinzi wa hoteli, alinicheka mwaka mzima.

"Yaani mzungu anakulipa uangalie picha?"

"Na nyuma pia. Naangalia pande zote mbili."

"Buda, ikitokea nafasi ya kuangalia ukuta unishtue. Hiyo mimi nina uzoefu nayo."

Shule niliiachia darasa la sita, na sikufukuzwa na karo peke yake. Nilikuwa mtoto asiyetulia, na niliendelea hivyo hivyo ukubwani. Nilipojifunza jinsi kazi inavyofanyika, hamu yangu nayo iliisha, nikafunga begi. Kitu ambacho hakikuisha ni maswali. Kiingereza nilijifunza kwa kusoma magazeti yaliyofungia mkate na maandishi ya kwenye makopo ya rangi.

Doha nilianzia Lusail, nikilinda geti la eneo la ujenzi wakati barabara nyingi za huko zilikuwa bado mchanga na vigingi. Baadaye kampuni ikanihamishia jengo la ghorofa Al Sadd, kwenye dawati la mapokezi, ndani ya kiyoyozi. Hapo mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Zamu, Mganda mrefu mwenye sauti ya chini, aliyependa kitabu cha matukio kuliko alivyopenda chakula. Kitabu kile kilikuwa na safu saba: tarehe, saa ya kuingia, jina, chumba, simu, sababu, saa ya kutoka.

"Hakuna kisanduku kitakachobaki kitupu," aliniambia. "Mgeni hana simu? Andika HANA. Hukumwona akitoka? Kadiria. Nikikuta nafasi nyeupe nitajua ulikuwa umelala, ssebo."

Kwa miaka mitatu sikuacha nafasi nyeupe hata moja. Namshukuru kwa nidhamu ile, ingawa mtaona ilinifikisha wapi.

Mhandisi aliishi ghorofa ya kumi na moja ya jengo hilo. Alikuwa Mskoti wa makamo, mwenye nyusi nene na ngozi iliyoungua jua la kwenye miradi, na kila wiki aliletewa bahasha nyembamba ngumu ambazo mimi ndiye niliyezipokea na kusaini. Siku moja nilishindwa kujizuia nikamuuliza ndani yake mna nini. Hakukasirika. Alifungua moja juu ya dawati langu, akanionyesha kadi ya posta ya zamani yenye picha ya bandari, mashua zimesongamana, nyuma yake nyumba za mawe zenye moshi kwenye mabomba ya paa.

Nikaitazama kidogo, nikasema, "Bwana, nguo zilizoanikwa hapa zinapepea kwenda kulia. Mbona moshi unakwenda kushoto?"

Akaichukua, akaisogeza machoni. Lifti ilipanda ikashuka, yeye bado anaitazama.

"Nina kadi tatu za picha hii," akasema mwishowe. "Ninazo tangu nikiwa chuoni. Sijawahi kuuona huo moshi."

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba wachapishaji wa kadi walikuwa na wachoraji wao. Mbingu ikiwa tupu waliongeza mawingu, bomba likiwa baridi waliongeza moshi, na mwezi waliuchora juu ya picha ya mchana ili iuzwe kama usiku. Mwezi uliofuata Mhandisi alinihamishia kwenye kibali chake. Kwenye karatasi nilikuwa dereva wake, na kweli asubuhi nilimpeleka kazini Lusail, kwenye mji uleule niliokuwa nimeulinda ukiwa vigingi. Kuanzia saa nane mchana nilikuwa karani.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kadi ya posta ina sura na mgongo. Sura ni picha, na mgongo ni upande wa anwani na stempu. Karani mpya hukimbilia sura, lakini mgongo ndio unaosema zaidi. Kadi za mwanzo kabisa ziliruhusu anwani tu mgongoni, kwa hiyo watu waliandika salamu pembeni mwa picha, wakizunguka mnara wa kanisa kwa herufi za sisimizi. Baadaye mgongo uligawanywa kwa mstari katikati, ujumbe kushoto, anwani kulia. Ukiona mstari, umeshajua kadi ni ya kipindi gani. Stempu inakuonyesha nani alikuwa mfalme. Muhuri wa posta, ile duara nyeusi inayogongwa juu ya stempu, unakupa mahali na siku.

Kisha kuna lenzi ya mkononi. Ukiweka lenzi juu ya kadi iliyochapwa mashineni unaona nukta, maelfu ya nukta kama pilipili manga iliyomwagwa. Ukiiweka juu ya kadi ya picha halisi, iliyosafishwa na mpiga picha mwenyewe kwenye karatasi ya picha, huoni nukta. Unaona ngozi, uzi wa sweta, kucha. Kadi ya nukta ukiikuza inasambaratika, na ile ya picha halisi unaweza kuingia ndani yake na kutembea.

Baada ya kuiangalia, niliiskani pande zote mbili, nikaandika namba mgongoni kwa penseli laini, kamwe si kalamu, nikaiingiza kwenye mfuko wake, halafu nikajaza daftari la kumbukumbu kwenye kompyuta. Hewa ya Doha kiangazi ina unyevu wa kugandisha kadi mbili zikawa moja, kwa hiyo kiyoyozi cha chumba kile hakikuzimwa mwaka mzima. Wafula alisema kadi zile zinaishi vizuri kuliko sisi, na hakuwa amekosea.

Mji ule sijakanyaga, lakini nauzunguka gizani. Najua duka la mikate lilipogeuka kuwa la viatu, kisha benki. Najua kanisa lililopoteza ncha ya mnara wake, kwa sababu kadi moja inayo na iliyofuata haina. Vitabu vya historia, Mhandisi aliniambia, viliandika habari za wenye ardhi na vita vyao. Kadi za posta ziliuzwa kwa senti kwa watu wa kawaida, na mpiga picha alikwenda palipokuwa na watu wa kawaida, maana ndio wangenunua. Ndiyo maana mtaa mzima wa wavuvi, uliobomolewa zamani na usioandikwa popote, ulikuwa kwenye sanduku letu la tatu, mlango kwa mlango.

Nilizipenda kuliko zote kadi za wanawake wa heringi. Heringi ni samaki mwenye mafuta, kama dagaa aliyekua. Mashua zilipoingia, wanawake walisimama kwenye hori refu la mbao lililojaa samaki, wakiwapasua kwa kisu kifupi na kuwatoa matumbo, kisha wakawapanga kwenye mapipa ya chumvi. Vidole walivifunga vitambaa, maana chumvi ikiingia kwenye jeraha mtu halali. Hawakuwa wa mji mmoja. Walifuata samaki pwani nzima, bandari hadi bandari, msimu hadi msimu, kila mmoja na sanduku lake la mbao, wakilala wengi chumba kimoja, na nyumbani wakituma kadi. "Nimefika salama. Chumba ni kizuri, tuko sita. Mwambie mama vidole vimepona." Kadi moja ilikuwa na alama ya msalaba juu ya dirisha la ghorofa ya juu, na mgongoni imeandikwa, "Hapa ndipo ninapolala." Niliisoma jioni ileile Wafula alipokuwa anampigia mkewe picha ya kitanda chake cha chini, akimwonyesha wapi anatundika sare.

Sasa nifike kwenye kosa.

Daftari letu lilikuwa na safu mbili za tarehe. Ya kwanza ni ya muhuri, yaani siku kadi ilipotumwa. Ya pili ni ya picha, yaani siku ilipopigwa. Ni vitu viwili. Dukani kadi ingeweza kukaa kwenye kishikio miaka kumi kabla mtu hajainunua. Mhandisi alinieleza jambo hili wiki ya kwanza kabisa, tena kwa mfano. Ya pili, alisema, ukiwa huna ushahidi iache.

Nilimwelewa. Lakini mkono wangu haukuelewa. Kila nilipofika kwenye safu ile ya pili ikiwa nyeupe, nilimsikia Msimamizi wa Zamu akipanda ngazi. Kwa miezi ya mwanzo nilijizuia. Baadaye, kazi ilipokuwa nyingi na albamu tatu zimeingia kwa pamoja kutoka mnadani, nilianza kukadiria. Muhuri ulisema mwaka fulani, nikaandika mwaka huohuo kwenye safu zote mbili. Daftari lilipendeza. Mhandisi alikuwa kwenye mradi tangu alfajiri, na alikagua chache tu, akanisifu kwa unadhifu.

Namba 214 ilikuwa mojawapo. Niliandika: "Wanawake sita kwenye hori, gati la kaskazini. Picha halisi." Tarehe mbili, zinazofanana. Nikaiweka kwenye sanduku la tano.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye nilikuwa naingiza kadi nyingine ya gati lilelile, iliyopigwa kutoka kona ileile. Ncha ya gati palisimama kreni ya chuma, mpya, rangi yake bado inang'aa. Nilikumbuka kwamba kwenye 214 hapakuwa na kreni. Nikaitoa, nikaziweka pamoja. Kweli haikuwepo. Lakini muhuri wa kadi yenye kreni ulikuwa wa miaka sita kabla ya muhuri wa 214. Kwa daftari langu, kreni ilijengwa, ikatoweka, na watu wakaendelea.

Mhandisi aliporudi nilimwonyesha, nikifurahi kama mtu aliyetegua kitendawili. "Hii kreni waliing'oa?"

"Haijang'olewa mpaka leo. Imeoza pale pale, inakaliwa na ndege." Akainama juu ya 214. "Basi hii ni ya kabla ya kreni. Ni ya zamani kuliko ulivyoandika." Akachukua lenzi. Nilimwona akianzia kwenye mapipa, akasogea kwenye hori, mwanamke mmoja baada ya mwingine, akafika mwisho wa mstari. Hapo akakaa. Akageuza kadi, akasoma namba, akaigeuza tena.

"Huyu ameshika kisu mkono gani?"

"Kushoto, Bwana."

"Picha haijageuzwa?"

Nikaangalia herufi zilizoandikwa kwenye mapipa. "Inasomeka vizuri. Haijageuzwa."

Akaketi. Ndipo akaniambia jambo ambalo kwa miaka mitano hakuniambia, kwa sababu aliliona ni la kwao, si la kazi. Mama yake, aliyekuwa anakaribia miaka tisini kule kwenye mji wenyewe, hakuijua sura ya mama yake mzazi. Yule mzazi alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Hakuwahi kuingia studio, na nyumbani hapakuwa na picha. Shangazi aliyemlea mtoto alimwachia mambo mawili tu: kwamba siku moja mtu mwenye kamera aliwapiga picha gatini ikauzwa kama kadi ya posta, na kwamba mama yake alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo wenzake walimweka mwisho wa hori, visu visigongane.

Ukusanyaji wote ule, masanduku yote, minada yote, ulikuwa wa kumtafuta mwanamke mmoja.

Kila Ijumaa Mhandisi alimpigia simu mama yake na kumsomea orodha niliyoandika wiki ile. Ikifika kadi ya wanawake wa heringi, Mama aliuliza kwanza, "Mwaka gani?" Ukiwa mwaka wa baada ya kifo, alisema, "Hapo hayupo tena. Endelea." Alikuwa amekwishavunjwa moyo na sura nyingi za wageni, akaamua kutojitesa na zisizowezekana. Namba 214 alisomewa kwa mwaka niliouandika mimi. Akasema endelea.

"Na macho ya Mama," nilimuuliza Mhandisi, maana niliwahi kumsikia akiyataja.

"Wakati ule alikuwa bado anasoma. Sasa katikati ya jicho kumekufa. Anaona pembeni tu, kama anayechungulia kwa kando ya pazia."

Nilingoja anifukuze. Angefanya hivyo ningemwelewa, na pengine ningefunga begi nikiwa nimetulia, maana kuondoka ndicho kitu nilichokuwa nakijua vizuri. Hakunifukuza. Alisema, "Mimi siwezi kumwambia. Nitakosea, nitakulaumu au nitakutetea. Utamwambia wewe."

Ijumaa hiyo sikwenda Mesaimeer. Niliketi mbele ya kompyuta ya Mhandisi, na kwenye kioo akatokea bibi mwembamba aliyegeuza uso kando, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao, cha kukunjakunja, nami nilikuwa nimezoea cha mwanawe.

"Wewe ndiye karani?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Mwanangu anasema una neno nami na yeye hataki kulisema."

Nikamweleza yote. Safu mbili, muhuri, kreni, mkono wa kushoto. Sikumtaja Msimamizi wa Zamu. Mkono ulioandika ulikuwa wangu.

"Kwa hiyo uliandika tu," akasema.

"Niliandika tu, Mama. Palikuwa na nafasi."

"Lini hiyo?"

"Mwaka jana, miezi miwili kabla ya wakati huu."

"Mwaka jana wakati huu nilikuwa nasoma gazeti. Kwa lenzi, lakini nilikuwa nasoma." Nyuma yake nilisikia saa ya ukutani. "Umenipotezea mwaka mzuri, kijana."

"Nina miaka hamsini na minne, Mama."

"Ndiyo maana nakuita kijana. Haya, niambie yukoje. Polepole. Na usiniongezee kitu."

Nikaishika kadi kwa kingo. "Ni mrefu kuliko wa pembeni yake. Amevaa aproni ya turubai, inang'aa majimaji. Mikono ya blauzi ameikunja hadi juu ya kiwiko. Vidole vitatu vya kulia amevifunga vitambaa, kushoto viwili. Wenzake watano wanamtazama mpiga picha. Yeye anatazama kisu."

"Anacheka?"

"Sijui, Mama. Mdomo umefungwa. Shavu moja limepanda."

"Nimekwambia usiongeze."

"Siongezi. Limepanda, la upande wetu."

"Endelea."

Nikaendelea mpaka nikamaliza viatu. Alipouliza kama anaonekana amechoka, nilimwambia amesimama ameegemeza uzito mguu mmoja, zaidi ya hapo picha haisemi. Akasema hilo linatosha kwa leo.

Ni Mama mwenyewe aliyetuuliza kama picha inaweza kukuzwa. Namba 214, nashukuru, ilikuwa picha halisi. Niliiskani kwa kiwango cha juu kabisa, nikaikata kumbakiza mwanamke wa mwisho peke yake, nikaipeleka hapohapo Al Sadd kwenye duka linalotengeneza mabango. Fundi wa pale, Mhindi wa Kerala, aliitazama kwenye kompyuta yake, akaniuliza kwa upole, "Harusi?"

"Hapana."

"Msiba?"

"Hapana. Samaki."

Akafikiri. "Mgahawa."

"Sawa," nikasema, "mgahawa." Akanipunguzia bei kwa sababu mgahawa, alisema, mwanzo ni mgumu.

Bango lilitoka refu kama mlango. Uso peke yake ulikuwa mpana kuliko sinia la pilau, na haukusambaratika. Mhandisi alilikunja kwenye bomba la karatasi, akaenda nalo likizo. Siku ya pili alinipigia simu ya video kutoka sebuleni kwa mama yake. Alikuwa amelitundika juu ya kabati la vyombo, na dirisha limefunguliwa mapazia yote.

Mama hakulitazama moja kwa moja. Alisimama ubavu, akitazama dirishani, ili bango liwe kwenye ukingo wa jicho. Akasogea hatua moja, akarudi nusu. Alitafuta hivyo muda mrefu, akigeuza shingo kidogo kidogo kama kuku anayeangalia punje, na sisi wawili, mmoja Uskoti na mmoja Doha, tukimngoja. Kisha akainua mkono, akalishika sikio lake mwenyewe, kubwa na lililochomoza, akalifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini.

"Masikio ni haya," akasema. "Maskini mama."

Akaanza kucheka, na Mhandisi akacheka, kisha akamshika mama yake begani na simu ikaelekea zulia. Nikaizima upande wangu. Nilikwenda kunawa mikono nikaendelea na kazi, maana albamu nyingine ilikuwa imefika.

Sasa Mhandisi amestaafu, na kibali changu kimekwisha pamoja na ajira yake. Masanduku yote yamekwenda kwenye jumba dogo la makumbusho la mji wao, ambako watoto wa shule, naambiwa, hutafuta nyumba zao za leo kwenye kadi za jana. Mimi nimebakiwa na wiki mbili za kuuza jokofu na kuaga. Wafula ameomba kiti changu cha kukunja, kwa ajili, anasema, ya kuangalia ukuta kwa heshima.

Mkiniuliza Doha imenipa nini, wengi mngetaka nitaje shamba au nyumba. Vipo, vidogo, namshukuru Mungu. Lakini nilikuja hapa mtu wa kuondoka. Kila mahali nilipokosea zamani, Kitale, Nakuru, Eldoret, sikubaki kuona kosa langu limemfanya nini mtu. Nilikuwa nimeshapanda basi. Hapa nililetwa mbele ya kosa langu nikalitazama usoni, nikaambiwa nieleze polepole, na kesho yake nikapewa kazi niendelee. Namshukuru Mhandisi kwa hilo kuliko kwa mshahara. Namshukuru Mama, aliyenikaripia na bado akataka kusikia. Nawashukuru wale wanawake sita, ambao hawakujua kwamba mtu wa Trans-Nzoia angewahesabia vitambaa vya vidole.

Nanyi mnaoanza, kazi yoyote mtakayopewa, hata ikiwa ya kuchekwa, iulizeni maswali. Mimi sikusoma, lakini niliuliza kuhusu moshi.

Wiki ya mwisho kabla masanduku hayajafungwa, tulipitia daftari lote tukifuta tarehe nilizokadiria. Tulipofika namba 214, Mhandisi aliketi kando yangu. Mama alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia, usingizini, bango likiwa bado juu ya kabati. Kwenye safu ya tarehe ya picha niliandika, "Kabla ya kreni." Kulikuwa na safu ya watu waliomo, na pembeni yake safu ya nani amewatambua, kwa sababu makumbusho huwa yanataka kujua neno limetoka kwa nani.

"Tuna uhakika?" nilimuuliza. "Masikio si ushahidi, Bwana. Umenifundisha mwenyewe."

"Si ushahidi," akasema. "Andika lililotokea."

Nikaandika jina la marehemu bibi yake, mama mzaa mama, nikaweka mbele yake neno "pengine". Kisha nikahamia safu ya nani amemtambua, nikaandika: "Binti yake."